Honda ya zamani imegoma: itafutie ugonjwa kabla hujaifungua injini

Baba alikuwa bwana mifugo. Pikipiki aliyozungukia nayo vijiji vya Chamwino ilikuwa Honda CG125 ya platini (vichuma viwili vinavyogusana na kuachana ili cheche iruke), tenki jekundu, ya kuwashwa kwa kiki tu. Alipostaafu aliisukumia kwenye kibanda cha uani, akaifunika turubai, ikakaa humo miaka tisa. Siku nilipoitoa, kila aliyepita alikuwa na hukumu yake. Mmoja alisema ringi, zile pete za pistoni, zimekwisha. Mwingine, koili inayokuza umeme wa plagi imekufa. Kijana wa bodaboda, tena anayeijua kazi yake, akaniambia, "Kaka, tupa hiyo injini, funga ya Kichina, kesho unatembea." Hakuna hata mmoja aliyechomoa plagi akaitazama.

Pikipiki ile inatembea leo na injini yake ileile, silinda ileile, ringi zilezile. Nitakupitisha njia niliyopita mimi, kwa mpangilio uleule, maana mpangilio ndio unaookoa fedha. Ukipima kwanza ndipo ubadilishe, utanunua spea chache na hutaharibu kilichokuwa kizima.

Mfano wangu ni CG125 kwa kuwa ndiyo ninayoijua kwa mikono. Honda walianza kuiuza katikati ya miaka ya 1970, na waliitengenezea nchi za barabara kama zetu: valvu zinasukumwa kwa fito, hakuna cheni ya taimingi ndani ya kulegea. Injini nyingi za Kichina za bodaboda zimetokana na muundo huohuo, kwa hiyo spea kadhaa utazipata mjini bila kuhangaika. Kama yako ni ya aina nyingine yenye mipigo minne, hatua ni hizihizi. Vipimo tu ndivyo utakavyovitafuta kwenye kitabu chake.

Kila injini ya petroli inadai mambo matatu: moto wa plagi kwa wakati wake, petroli iliyochanganyika na hewa kwa kiasi, na mgandamizo ndani ya silinda. Moja likikosekana, haiwaki. Kazi yako ni kujua ni lipi, na unaanza na lile linalopimika bila kufungua kitu.

Vifaa

Spana namba 8, 10, 12 na 14, spana ya plagi, fila ya kupimia nafasi, tochi, chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, msasa mwembamba namba 600, kipande cha waya wa umeme wa nyuzinyuzi, na karatasi moja ya kusokotea sigara. Hiyo karatasi usiidharau, utaiona kazi yake.

Kuhusu bisibisi naomba uwe mkali. Skrubu za nyota za pikipiki za Kijapani zina mchongo wao, na bisibisi ya kawaida ya nyota haikai hadi chini. Ukiilazimisha inateleza na kula kichwa. Tafuta yenye ncha inayojaa tundu barabara, ikandamize kwa nguvu, na skrubu ikikataa, igonge kichwani mara mbili tatu kwa nyundo ndogo kupitia bisibisi kabla ya kuizungusha. Nusu ya injini za zamani ninazoletewa zina skrubu zilizokwisha kuliwa hivyo, na kila moja inamgharimu mtu nusu siku.

Fanyia kazi nje au mahali penye hewa, sigara na jiko la mkaa viwe mbali.

Kama imekaa muda mrefu, usipige kiki kwanza

Kuta za silinda zimekauka. Chomoa plagi, mimina kijiko cha oili safi kwenye tundu lake, kisha sukuma kiki kwa mkono, polepole, mara kumi hivi. Ikigoma kabisa kuzunguka, usiisimamie kwa mguu; ongeza oili nyepesi, iache usiku kucha, ujaribu tena kesho yake.

Mwaga petroli ya zamani yote. Petroli iliyokaa miaka inanuka kama vanishi na haiwaki inavyopaswa. Mwaga na oili ya injini, weka mpya, lita moja hivi kwa CG125. Kwa joto la Dodoma mimi naweka 20W-50 ya pikipiki. Oili za magari zilizoandikwa kwamba zinapunguza matumizi ya mafuta ziache, kwa sababu klachi ya pikipiki hii inaogelea kwenye oili hiyohiyo na itaanza kuteleza.

Fungua na kasha la chujio la hewa. Kwenye ya baba nilikuta panya wamejenga, tambara na maganda ya karanga mpaka mdomoni mwa bomba la kabureta. Ningepiga kiki siku ile, vyote vingevutwa ndani.

Hatua ya kwanza: iulize imekufaje

Kama pikipiki ilikuwa ikitembea ikazima, namna ilivyozima inakupa nusu ya jibu. Ikikatika ghafla kama taa iliyozimwa swichi, anza na umeme. Ikikohoa, ikavuta kidogo, ikakohoa tena ndipo ikafa, anza na mafuta. Ikiwa imekuwa ikipungua nguvu mwezi hadi mwezi, mlima wa kwenda UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) ulioupanda kwa gia ya tatu sasa unataka ya pili, basi ama chujio limeziba ama mgandamizo unaondoka.

Hatua ya pili: plagi

Chomoa plagi mara tu injini inapozima, usiiache kwanza ikakaa ikinguruma polepole. Itazame juani.

Rangi ya udongo mwekundu au kahawia ya gamba la korosho: injini inaungua vizuri, tafuta kwingine. Masizi meusi makavu: mafuta ni mengi au hewa ni kidogo. Meusi yenye utelezi wa oili: oili inapita kwenye ringi au kwenye sili za valvu. Nyeupe kama chokaa: hewa imezidi, mara nyingi inaingia mahali pasipopaswa, na hiyo usiiendeshe hivyo maana pistoni inaweza kutoboka. Ikiwa imelowa petroli tu, mafuta yanafika na tatizo ni moto.

Isugue kwa brashi ya waya, weka nafasi ya milimita 0.6 hadi 0.7, kisha uende hatua inayofuata.

Hatua ya tatu: moto

Rudisha plagi kwenye kepu yake, ilaze juu ya chuma cha hedi (kichwa cha injini), mbali kidogo na tundu lake maana mvuke wa petroli unatoka pale. Simama kivulini, swichi ikiwa wazi, piga kiki kwa nguvu. Cheche ya kibluu yenye mlio ni nzuri. Cheche nyembamba ya rangi ya chungwa inaweza kuonekana hewani, lakini ndani ya mgandamizo inashindwa kuruka. Usiihesabu kuwa ni moto.

Hakuna cheche? Usikimbilie koili. Fungua kepu ya plagi kwenye waya wake (inazungushwa kama skrubu), shikilia waya kwa koleo lenye mpira, ncha ikae milimita 5 kutoka kwenye chuma, piga kiki. Cheche ikija, kepu ndiyo imekufa. Kata milimita chache za waya uliooza, funga kepu mpya.

Kama bado, fuata waya mweusi wenye mstari mweupe unaokwenda kwenye swichi. Kwenye Honda hizi za sumaku, kazi ya waya huo ni kuzima: swichi ikifungwa, umeme unapelekwa kwenye bodi na moto unakufa. Ukichubuka chini ya tenki ukagusa fremu, injini inazimwa muda wote wala swichi haina kosa. Utenganishe, piga kiki tena. Ukipata moto, umeipata.

Sasa platini. Ondoa kifuniko cha kushoto cha injini, utaona sumaku, gurudumu la chuma lenye matundu, na kupitia tundu moja utaziona platini nyuma yake. Zungusha sumaku kinyume cha saa mpaka platini zifunguke hadi mwisho. Vumbi na unyevu wa miaka vinazivika utando wa kijivu usiopitisha umeme, nao ndio niliokuta kwenye ya baba. Pitisha msasa namba 600 uliokunjwa pande mbili, kisha pitisha kipande cha karatasi ngumu kilicholoweshwa petroli hadi kitoke bila weusi. Pima nafasi kwa fila: milimita 0.3 hadi 0.4. Nasisitiza hatua ya karatasi kwa sababu chembe moja ya msasa ikibaki katikati, umerudi ulipoanza.

Baada ya nafasi, pima wakati wa cheche. Sumaku ina alama mbili, T na F. T ni pistoni ikiwa juu kabisa. F ni pale cheche inapotakiwa kuruka, na cheche huruka platini zinapoanza kuachana. Chukua ile karatasi ya sigara, ibanishe katikati ya platini, ivute kwa vidole viwili kwa nguvu ndogo sana huku mkono mwingine ukizungusha sumaku taratibu. Karatasi imeshikwa, imeshikwa, halafu ghafla inateleza. Simama hapohapo utazame alama. Kama F imelingana na alama ya kwenye bodi, umemaliza. Kama karatasi imeachia mapema kabla ya F kufika, punguza nafasi kidogo; kama imechelewa, iongeze, ila usitoke nje ya 0.3 na 0.4. Mzee mmoja fundi alinifundisha hivi kabla sijawahi kushika taa ya taimingi, na mpaka leo naiamini karatasi.

Platini zikiungua haraka, zikawa na shimo upande mmoja na kichuguu upande wa pili, au ukiona cheche nyingi zinaruka kwenye platini zenyewe, kondensa (kikopo kidogo kinachozuia cheche kuruka kwenye platini) imechoka. Fundi redio mwenye mita ya kupima kapasita anaweza kukupimia kwa dakika moja. Nyingi za aina hii ziko karibu na mikrofaradi 0.25. Kubadilisha kondensa au platini kunadai kutoa sumaku, na sumaku hutolewa kwa pula yake, yaani kifaa cha kuivutia nje. Usiigonge nyundo. Ikipasuka au sumaku yenyewe ikipungua nguvu, hapo ndipo injini nzima ilianza kufa.

Hatua ya nne: mafuta yanafika?

Chomoa mpira wa petroli kwenye kabureta, ingiza ncha kwenye chupa, fungua koki. Mafuta yatiririke mfululizo, si matone. Acha nusu chupa ijae, funga, iweke juani itulie. Maji hukaa chini, utayaona kama kidimbwi kinachotembea ukiinamisha chupa. Kutu hukaa chini pia, wekundu wa matofali. Kama ulinunua petroli ya chupa njiani na una shaka imechanganywa mafuta ya taa, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli hukauka haraka na kuondoka, mafuta ya taa huacha doa la mafuta.

Hapa kuna ugonjwa mmoja ninaotaka kuueleza kwa kirefu, kwa kuwa ulinigharimu koili ambayo sikuihitaji.

Baada ya kuiwasha ile Honda, ilitembea vizuri mjini. Nikaenda nayo Hombolo kuchukua tenga la zabibu. Kurudi, kilomita kumi na kitu, ikakohoa ikazima. Nikasubiri dakika kumi, kiki moja, ikawaka kama haijawahi kuugua. Kilomita chache mbele, tena. Nilijiambia ni koili inayokufa ikipata joto, maana dalili ndizo zilezile. Nikanunua koili, nikafunga, wiki iliyofuata ikazima palepale. Karibu na Ihumwa nilimkuta mzee anatengeneza baiskeli chini ya mti. Nikamwamkia, nikamweleza. Akasema, "Mwanangu, ikizima tena usiguse kitu. Fungua kifuniko cha tenki tu, usikilize." Ilipozima, nikafungua. Fyuuu. Hewa iliingia kwa kuvutwa, na nikasikia mafuta yakianza kushuka kwenye koki.

Kifuniko cha tenki kina kitundu cha kupitisha hewa. Mafuta yanapotoka lazima hewa iingie mahali pake. Kitundu kikizibwa na kutu na vumbi, tenki linakuwa kama chupa iliyopinduliwa mezani: yanatoka kidogo, yanasimama. Ukisubiri, hewa inapenya taratibu na injini inawaka tena, ukaidhania koili. Nilikizibua kwa sindano na mafuta ya taa, kazi ya dakika tano.

Kwa hiyo pikipiki ikizima ikiwa ya moto ikawaka ikiwa baridi, pima mambo matatu palepale barabarani kabla haijapoa. Fungua kifuniko cha tenki usikilize. Kisha laza plagi kwenye hedi utazame cheche. Kama imetoweka na inarudi injini ikipoa, ni koili au kondensa. Kisha sukuma kiki kwa mkono: ikiwa nyepesi kuliko asubuhi, valvu imebana na haifungi ikipata joto, nenda hatua ya saba. Ikishapoa, ushahidi wote umepotea.

Hatua ya tano: kabureta

Mafuta yakishafika na moto upo, lakini haiwaki, au inawaka kwa choki tu na kuzima ukirudisha choki, jeti ndogo (kitundu cha kupitishia petroli ndani ya kabureta) imeziba. Huu ndio ugonjwa wa kila pikipiki iliyolala.

Funga koki. Toa kabureta, ifanyie kazi juu ya sinia ili visipotee. Kabla hujatoa skrubu ya hewa ya ubavuni, izungushe ndani polepole huku ukihesabu mizunguko mpaka iguse, uandike hesabu. Usiikaze ikigusa, ncha yake inaharibu kiti. Fungua kikombe cha chini. Utakuta boya, sindano yake, jeti kubwa na jeti ndogo. Petroli iliyokauka inaacha gundi ya kahawia, na tundu la jeti ndogo ni jembamba kuliko uzi wa kushonea.

Loweka kwenye petroli safi au dawa ya kabureta saa kadhaa, kisha puliza kwa pampu ya matairi. Inua jeti kuelekea jua: lazima uone duara kamili la mwanga. Ukiona mwezi mchanga badala ya duara, bado. Kama ni lazima uchokoe, tumia unyuzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme. Pini, waya wa chuma na sindano ya kushonea vinapanua tundu, na ukishalipanua hakuna wa kulirudisha.

Boya lipime kwa mdomo: puliza kwenye bomba la mafuta, boya likining'inia hewa ipite, ukilinyanyua kwa kidole hewa ikatike. Isipokatika, sindano au kiti chake kimeliwa, na petroli itafurika mpaka ndani ya injini. Nusa oili: ikinuka petroli, imwage usiwashe.

Rudisha skrubu ya hewa kwenye hesabu yako; kama hukuhesabu, anza na mzunguko mmoja na nusu nje. Injini ikishapata moto, izungushe robo robo mpaka usikie mlio uko juu na umetulia.

Dodoma tuko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Pikipiki iliyokuwa ikiungua vizuri pwani inaweza kutoa masizi kiasi hapa. Masizi yakiendelea na chujio ni safi, jaribu jeti kubwa iliyo namba moja chini ya iliyopo.

Hatua ya sita: hewa na vumbi letu

Kuanzia Juni mpaka mvua za Desemba, vumbi la huku ni laini kama unga wa uwele. Likipita chujio likakutana na oili kwenye silinda, linakuwa dawa ya kusagia vyuma. Silinda zinazokufa mapema huku kwetu nyingi zinaanzia hapo.

Kipimo ni kidole. Toa kabureta, pitisha kidole safi ndani ya bomba linalotoka kwenye kasha la chujio. Kikitoka na wekundu, chujio linapitisha, au kasha halifungi. Sponji ioshe kwa mafuta ya taa, kisha maji ya sabuni, ikauke kabisa, iloweke oili ya injini na uikamue mpaka isidondoke. Sponji kavu haikamati vumbi. Wakati wa kiangazi, kama unatembea njia za vumbi, ioshe kila wiki mbili.

Hewa ya wizi inayopita kati ya kabureta na hedi unaipata hivi: injini ikinguruma polepole, paka oili kwa brashi kwenye maungio. Mlio ukibadilika, pale panavuja. Badilisha pete ya mpira, hakikisha uso wa kabureta haujapinda.

Hatua ya saba: valvu na mgandamizo

Injini iwe baridi kabisa, imelala usiku mzima. Fungua kifuniko cha juu ya hedi. Zungusha sumaku mpaka T ilingane na alama, kisha shika roka zote mbili (mikono midogo inayokandamiza valvu) kwa vidole: zote zicheze kidogo. Kama moja imebana, umekuja kwenye mpigo usio wake. Zungusha duara moja kamili. Fila ya milimita 0.08 ipite kati ya skrubu ya tapeti na kichwa cha valvu kwa ukinzani mdogo, kama kuvuta ukurasa uliobanwa katikati ya kitabu kizito. Kaza nati huku umeshikilia skrubu, kisha upime tena, kwa sababu kukaza kunasogeza.

Tapeti zikilegea zinapiga kelele, nazo kelele hizo zinawaogopesha watu. Iogope zaidi iliyobana na kukaa kimya. Valvu ya kutolea isiyofunga inapitisha moto, inaungua ukingo, na mgandamizo unatoka pale.

Sasa pima mgandamizo. Ukiwa na geji, vuta mkono wa mafuta hadi mwisho, piga kiki mara tano sita. Kumbuka urefu wetu kutoka baharini unapunguza namba kwa karibu sehemu moja ya kumi ukilinganisha na ya kitabu. Huna geji? Ziba tundu la plagi kwa kidole gumba, mwenzako apige kiki. Injini nzima itakitupa kidole nje kwa mlio.

Mgandamizo ukiwa hafifu, usihukumu bado. Mimina kijiko kidogo cha oili kwenye tundu la plagi, zungusha mara chache, pima tena. Ukipanda sana, oili imeziba ringi, kwa hiyo ringi au silinda ndiyo mgonjwa. Usipobadilika, ni valvu. Ya baba haikubadilika. Wale waliosema ringi walikuwa wanakisia.

Moshi unathibitisha. Wa bluu unaponyonga mafuta: ringi. Wa bluu wakati wa kuwasha tu kisha ukapotea: sili za valvu. Mweusi: mafuta mengi. Ule mweupe wa asubuhi za baridi za Julai ni mvuke, uache.

Hatua ya nane: kufungua

Umefika hapa kwa ushahidi, basi fungua. Legeza nati za hedi kwa msalaba, kidogo kidogo. Fito mbili za valvu zitie alama, kila moja irudi upande wake na mwisho uleule juu.

Kama ni valvu, isage kwa dawa ya kusagia, ukiizungusha kulia na kushoto kwa vidole na kuinyanyua kila baada ya muda, hadi uone mkanda wa kijivu usiokatika pande zote mbili. Futa dawa yote. Rudisha springi, geuza hedi, mimina mafuta ya taa kwenye njia yake, subiri dakika tano. Kusiwe na unyevu unaopita.

Kama ni silinda, isukume ringi mpya ndani kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, pima mwanya wa ncha zake kwa fila. Mwanya ukizidi nusu milimita, au kucha ikikwama kwenye mikwaruzo ya ukuta, silinda ipelekwe kuchongwa: ovasaizi huenda 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Nunua pistoni kwanza, mchongaji aipime hiyo uliyonayo mkononi. Na dukani nenda na kalipa ya kupimia kipenyo. Silinda ya CG125 ni milimita 56.5, ile ya 150 za Kichina ni 62, na kwa macho muuzaji anaweza kukupa yoyote.

Wakati wa kurudisha, mianya ya ringi usiilinganishe mstari mmoja, igawe mduara kwa tatu, maandishi ya ringi yatazame juu. Gasketi mpya. Nati kwa msalaba, kwa awamu tatu.

Ikishawaka, kilomita 500 za kwanza usiibane mlimani wala usiishikilie mwendo mmoja muda mrefu. Baada ya safari ya kwanza ikipoa, kagua nati za hedi. Mwaga oili kwenye 500, na pima tapeti kabla ya hapo, maana valvu iliyosagwa inazama kwenye kiti chake na nafasi inapungua. Ya baba niliifungua kwenye 300: ya kuingizia ilikuwa bado 0.08, ya kutolea imeshuka hadi 0.05. Nikairudisha, nikafunga kifuniko, tukaenda nayo Mvumi, baba akiwa ameketi nyuma.